Si fedha zinazoibeba filamu ya shujaa

Wengi huamini filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu hubebwa na bajeti na picha za kompyuta. Sivyo. Green Lantern (2011) iligharimu takriban dola milioni 200, ikaingiza kama milioni 220 hadi 237 duniani kote. Na kwa kuwa majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya mapato ya tiketi, hiyo ni hasara kubwa mno. Chronicle (2012) ilitumia kama milioni 12 hadi 15 tu, ikavuna zaidi ya milioni 120.

Kilichoibeba Chronicle ni mipaka ya nguvu hizo: vijana watatu wanasogeza vitu kwa akili, lakini wakijikaza kupita kiasi, damu huwatoka puani. Mtazamaji anaogopa pamoja nao. Kanuni za mipaka hiyo ziwekwe mapema. Zikigeuzwa mwishoni ili shujaa aokoke, watu hujiona wamedanganywa.