Gari la viti saba: dhana potofu zinazokula bajeti, na ukweli wake

Anayetafuta gari la safu tatu kwa kawaida hulikagua likiwa tupu: anakaa kwa dereva, anawasha injini, anatupa jicho nyuma, anarudi kwenye bei. Gari hilohilo litafanya kazi likiwa limejaa, na dhana nyingi potofu zinaanzia kwenye tofauti hiyo.

Dhana: Viti ni saba, basi linabeba watu saba na mizigo yao.

Viti ni idadi, uwezo wa kubeba ni kilo. Fungua mlango wa dereva utazame stika iliyobandikwa kwenye nguzo, au soma kitabu cha gari. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho cha watu na mizigo. Angalia pia kama uzito wa gari tupu umeshamhesabu dereva, maana watengenezaji hawafuati kanuni moja. Stika nyingine zinakurahisishia kwa kuandika moja kwa moja kilo za abiria na mizigo.

Magari mengi madogo ya safu tatu yana nafasi ya kilo 450 hadi 600 hivi. Watu wazima saba wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 525. Kama gari lako linaruhusu 500, umeshapitiliza kabla hata begi moja halijaingia. Ukizidisha mara kwa mara, springi za nyuma zinalala, tumbo la gari linakwaruza kwenye matuta, taa za mbele zinaangaza juu na kuwaumiza macho wanaokuja, na brek zinahitaji umbali mrefu zaidi kusimamisha gari. Tairi nazo zinapata joto. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo, kuna namba ya uzito: 91 maana yake tairi hilo linabeba hadi kilo 615, 95 ni kilo 690. Aliyebadilisha tairi kwa kufuata bei tu huenda amefunga zenye namba ndogo kuliko za kiwandani. Na upepo wa tairi za gari lililojaa si ule wa gari tupu. Mara nyingi stika huonyesha vipimo viwili, na cha gari lililojaa huwa kikubwa, hasa kwa tairi za nyuma.

Keria ya juu haiongezi uwezo. Paa nyingi zinaruhusu kilo 50 hadi 100, keria yenyewe ikiwemo, na kilo hizo zinatoka kwenye hesabu ileile ya juu.

Dhana: SUV, yaani gari la kimo lenye umbo la jipu, ni kubwa, kwa hiyo safu ya tatu ina nafasi zaidi kuliko ya minivani.

Mara nyingi ni kinyume chake. Chini ya safu ya tatu ya SUV kuna ekseli, springi na pengine difu ya nyuma (inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma), kwa hiyo sakafu imeinuliwa. Mtu mzima akikaa, magoti yanapanda kifuani na mapaja yananing'inia bila kugusa kiti. Safari ya nusu saa atavumilia, ya saa tatu hapana. Minivani kama Toyota Noah au Honda Odyssey ina sakafu ya chini, na milango ya pembeni ya Noah inayoteleza hurahisisha kupita kwenda nyuma.

Usipime safu ya tatu wakati kiti cha kati, yaani cha safu ya pili, kimesogezwa mbele kabisa. Wauzaji wanaujua mchezo huo. Kirudishe mpaka mtu mzima akae vizuri safu ya pili, ndipo uingie nyuma mwenyewe. Tazama magoti, kichwa na umbali wa kichwa kutoka kioo cha nyuma. Halafu funga kiti cha mtoto safu ya pili na ujaribu kupita. Kwenye magari mengi kiti cha kati hakikunjiki kikiwa kimebeba kiti cha mtoto, na hapo safu ya tatu inakuwa ya kuingilia upande mmoja tu.

Buti nalo lina mtego wake. Lita kubwa zinazotangazwa ni za safu ya tatu ikiwa imelazwa. Ikisimamishwa, magari kadhaa hubaki na nafasi ya mifuko michache ya sokoni. Njoo na sanduku lako la safari, simamisha viti vyote, ufunge mlango. Angalia pia viti vinakunjwaje: kwenye Land Cruiser Prado ya kizazi cha 120 viti vya nyuma hukunjwa pembeni na kula upana wa buti, wakati kwenye ya 150 vinalala sakafuni.

Dhana: Injini ndogo lazima itumie mafuta kidogo.

Ikiwa na mtu mmoja mjini, sawa. Ikijaa watu saba na kupanda mlima na kiyoyozi kimewashwa, injini ndogo isiyo na turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi muda wote, na akiba inayeyuka. Kwa familia inayojaza gari kila siku, cc 1800 hadi 2000 mara nyingi ni chaguo tulivu kuliko 1500. Kama safu ya tatu ni ya wikiendi tu, 1500 inatosha.

Dhana: Lazima liwe fobai-fo, yaani linalovutwa na tairi zote nne.

Barabara mbovu kwa kawaida inadai kimo na tairi nzuri. Fobai-fo inasaidia tairi zinapoteleza kwenye tope au mchanga, na unailipia kwa uzito, mafuta na oili ya difu na transifa (inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma).

Dhana: Dizeli au haibridi (injini inayosaidiwa na mota ya umeme) ndiyo nafuu siku zote.

Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha likipata joto kali la mwendo mrefu. Gari la kupeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi halifikii joto hilo. Chujio linaziba, taa inawaka, bili inafuata. Haibridi inafaidika na foleni za mjini, ila betri ipimwe na fundi mwenye kompyuta kabla hujalipa. Feni inayoipoza huvuta hewa kutoka ndani ya gari, na tundu lake likizibwa na vumbi au mabegi betri inachemka. Pia usidhani gari la jina moja lina betri moja: Toyota Prius Alpha ya viti 7 ina betri ya lithiamu katikati ya viti vya mbele, ya viti 5 ina ya nikeli huko nyuma.

Dhana: Usalama ni uleule safu zote.

Hakikisha mifuko ya hewa ya pazia (inayoshuka kwenye madirisha ya pembeni) inafika safu ya tatu, kila kiti kina mkanda wa pointi tatu na kizuizi cha kichwa. Vishikizo vya ISOFIX (vya kufungia kiti cha mtoto) vingi vinaishia safu ya pili, na viti vitatu vya watoto kwa pamoja havienei kila gari.

Dhana: Kilomita chache na rangi inayong'aa zinatosha.

Odometa inarudishwa nyuma. Safu ya tatu haisahau. Vuta mikanda ya nyuma mpaka mwisho: mstari wa tope au harufu ya uvundo ni dalili ya mafuriko. Kitambaa kilichochakaa nyuma kuliko mbele kinaonyesha gari lilikuwa la abiria wa kulipia. Washa kiyoyozi cha nyuma, maana kina feni na koili yake, na mabomba yake yanayopita chini ya gari huliwa na kutu. Kwa giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), jaribu gari injini ikiwa baridi: kutetemeka kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa au mlio wa kuvuma ni sababu ya kuondoka. Oili yake ni ya CVT tu. Aliyeweka ya otomatiki ya kawaida ameshaanza kuiua.

Kisha uliza bei ya tairi nne. Gari la jina moja lenye rimu za inchi 16 na la inchi 19 ni bajeti mbili tofauti, na tofauti hiyo utaikuta kila tairi zinapoisha.