Je, wajua kwa nini unene uliokithiri hudhoofisha kinga ya mwili?

Wengi huyaona mafuta ya mwilini kuwa akiba tu, kama nafaka iliyolala ghalani. Kumbe tishu ya mafuta hutengeneza homoni, hutuma ishara kwenye damu, na hukaliwa na seli za kinga wakati wote. Kwa hiyo inapozidi kiasi, kinga haiwezi kubaki ilivyokuwa.

Seli ya mafuta inayojazwa kupita uwezo wake hutanuka hadi oksijeni isiifikie vya kutosha, na baadhi hufa. Hapo huja makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kula vijidudu na mabaki, na chini ya hadubini huonekana zimeizingira seli iliyokufa mfano wa taji. Katika mafuta ya mtu mwembamba makrofaji huwa chini ya asilimia 10 ya seli zote, ilhali kwa mtu mwenye unene uliokithiri huweza kukaribia asilimia 40. Zikiwa huko humwaga kemikali zinazochochea uvimbe, si ule wa jeraha unaokuja na kupoa, bali uvimbe hafifu usiokoma, ambao mwenyewe hausikii.

Isisemwe basi kwamba kinga ya mtu huyo imelala. Naona ni sahihi zaidi kusema kwamba haipumziki, na adui wa kweli anapoingia huikuta imechoka. Leptini, homoni ya mafuta iliyogunduliwa mwaka 1994, huzidisha mkanganyiko huo, kwa kuwa pamoja na kudhibiti njaa huamrisha pia seli za kinga, nazo zikizama ndani yake muda mrefu huacha kuitikia ipasavyo.

Athari zake zilionekana wazi katika mlipuko wa mafua ya H1N1 wa mwaka 2009, ambapo unene uliokithiri ulitambuliwa kuwa miongoni mwa sababu za kuugua vibaya. Hata chanjo huguswa: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mwezi mmoja baada ya chanjo ya mafua watu wanene walikuwa na kingamwili (protini za damu zinazopambana na vijidudu) za kutosha, ila baada ya miezi 12 zilikuwa zimeshuka kuliko za wenzao wenye uzito wa kawaida.

Kupunguza uzito hushusha uvimbe huo, ingawa majaribio ya panya yameonyesha kwamba baadhi ya makrofaji huendelea na tabia zilizojifunza wakati wa unene hata baada ya mafuta kupungua.