Wenyeji wa Ulaya ni akina nani? Dhana potofu kuhusu DNA ya kale

Mwaka 2018 watafiti wa Natural History Museum ya London na chuo kikuu cha UCL walitangaza matokeo ya DNA ya mtu aliyeishi miaka 10,000 hivi iliyopita huko Somerset, Uingereza. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1903 katika pango la Gough's Cave, na anajulikana kwa jina la Cheddar Man. Jeni zake zilionyesha kwamba yaelekea alikuwa na ngozi nyeusi, nywele nyeusi na macho ya buluu au ya kijani. Sanamu ya sura yake ikazunguka dunia, na mabishano yakafuata. Wapo waliokataa katakata, wapo walioshangilia kupita kiasi. Kosa lilikuwa lile lile ambalo hurudiwa kila utafiti wa aina hii unapotoka: watu hukamata rangi moja au asilimia moja, wakaijengea taifa zima.

Dhana: Ulaya ilikuwa ya watu weupe tangu mwanzo

Binadamu wa aina yetu, waliotokea Afrika, walifika Ulaya kama miaka 45,000 iliyopita. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, wengi wa watu wa bara lile hawakuwa na weupe tunaoujua leo. Cheddar Man hayuko peke yake. Mwindaji aliyepatikana La Braña, kaskazini mwa Hispania, aliishi miaka 7,000 hivi iliyopita, naye jenomu yake, yaani DNA yake yote kwa ujumla, iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha ngozi nyeusi na macho ya buluu. Mchanganyiko huo hauonekani kwa urahisi Ulaya ya sasa, lakini zama zile ulikuwa jambo la kawaida magharibi mwa bara.

Weupe haukuja siku moja wala haukuletwa na watu wa kundi moja. Jeni mojawapo inayopunguza rangi ya ngozi, iitwayo SLC24A5, ilienea sana kupitia wakulima waliotoka Anatolia, yaani Uturuki ya leo. Nyingine zikaongezeka taratibu kwa maelfu ya miaka. Hata Ötzi, yule mtu aliyegandishwa na barafu ya milima ya Alps miaka 5,300 iliyopita na kugunduliwa mwaka 1991, alikuwa na ngozi iliyokolea kuliko Wazungu wa kusini wa leo. Uchambuzi wa mwaka 2023 ulionyesha pia kwamba zaidi ya 90% ya asili yake ilitokana na wakulima wale wa Anatolia, na kwamba huenda alikuwa na upara.

Hapa nasisitiza neno "huenda". Rangi ya ngozi hutawaliwa na jeni nyingi, na makadirio yanategemea jeni tulizozichunguza kwa watu wanaoishi sasa. Rangi ya macho hukadiriwa kwa uhakika zaidi. Anayekuambia anaijua rangi kamili ya mtu wa miaka 10,000 iliyopita amevuka mpaka wa ushahidi.

Dhana: Basi Cheddar Man alikuwa Mwafrika, na Waafrika ndio wenyeji wa Uingereza

Hili husambazwa sana na ndugu zetu, na naelewa linakotoka. Baada ya karne nzima ya kuambiwa kwamba historia ni ya weupe, habari ya namna hii ni tamu. Lakini si kweli. Ndugu wa karibu wa Cheddar Man walikuwa wawindaji wa Hispania, Luxembourg na Hungaria. Wazee wao walitoka Afrika makumi ya maelfu ya miaka kabla yake, na njiani walichanganyika na Neandathali, binadamu wa aina nyingine waliokwisha kutoweka. Mswidi wa leo, pamoja na weupe wake wote, yuko karibu naye kinasaba kuliko Mgogo au Mluhya. Ngozi nyeusi ni urithi wa binadamu wengi wasiohusiana kwa karibu: waulize watu wa Papua au wenyeji wa Australia.

Dhana: Mifupa ya kale haiwezi kuwa na DNA, wanapima jasho lao wenyewe

Mashaka haya yalikuwa ya haki. Katika miaka ya 1990 matokeo kadhaa yaliyotangazwa kwa shangwe yaligundulika baadaye kuwa DNA ya bakteria au ya watafiti wenyewe. Mambo yamebadilika kwa sababu mbili zinazoeleweka hata bila kuingia maabara.

Ya kwanza ni mfupa unaochaguliwa. Ndani ya fuvu, pale panapozunguka sikio la ndani, kuna mfupa mgumu kuliko karibu yote mwilini. DNA huhifadhika humo vizuri mno, na kuanzia 2014 hivi watafiti waliugeukia kwa wingi. Wanachukua unga kidogo tu, ndani ya chumba chenye hewa iliyochujwa, wakiwa wamejifunika kuanzia kichwa hadi miguu.

Ya pili ni kwamba DNA ya kale hubeba alama za uzee wake. Hukatika vipande vifupi, na kwenye ncha za vipande hivyo herufi C, mojawapo ya herufi nne za kikemikali zinazoiandika DNA, huoza na kusomeka kama T, herufi nyingine. DNA ya mtafiti aliyepiga chafya jana haina uharibifu huo. Kwa hiyo kipande hujieleza chenyewe kama ni cha kaburini au cha mezani. Svante Pääbo, aliyetumia miongo kadhaa kuweka misingi ya kazi hii na kuongoza usomaji wa jenomu ya Neandathali mwaka 2010, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Dhana: Wazungu ni watu wa damu moja waliokaa pale pale

Hili ndilo DNA imelivunja vibaya zaidi. Wazungu wengi wa leo ni mchanganyiko wa mikondo mitatu mikubwa: wawindaji walioishi humo tangu enzi ya barafu, wakulima walioanza kutoka Anatolia zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, na wafugaji wa nyika zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, wanaoitwa Yamnaya, ambao damu yao iliingia magharibi kuanzia kama miaka 5,000 iliyopita. Mwaka 2015 tafiti mbili zilizochapishwa katika jarida la *Nature* zilionyesha ukubwa wa mkondo huo wa tatu. Watu wa Ujerumani waliozikwa kwa desturi ya vyungu vya alama za kamba walikuwa na karibu robo tatu ya asili yao kutoka nyikani.

Chukua Uingereza peke yake. Wakulima walifika miaka 6,000 hivi iliyopita, na asili ya wawindaji wa jamii ya Cheddar Man ikabaki kidogo sana. Wakulima hao tunaweza kuwatazama kwa karibu ajabu. Katika kaburi la mawe la Hazleton North, huko Gloucestershire, DNA ilipatikana kwa watu 35, na 27 kati yao walikuwa wa ukoo mmoja wa vizazi vitano, ulioanzia kwa mwanamume mmoja aliyezaa na wanawake wanne. Kaburi lina vyumba viwili, na uzao uligawanywa kufuata mama: wa wanawake wawili upande huu, wa wawili wengine upande ule. Humo pia mna wanaume ambao mama zao walizaa na watu wa ukoo huo lakini baba zao ni wa nje. Inaonekana watoto wa kambo walipokewa na kuzikwa kama wana wa nyumba. Msomaji aliyekulia katika familia ya mitala ataielewa ramani ya kaburi lile haraka kuliko maprofesa wengi.

Wajukuu wa mbali wa watu wa aina hiyo ndio waliojenga Stonehenge, ule mduara maarufu wa mawe kusini mwa Uingereza. Mawe yale makubwa yalisimamishwa kama mwaka 2500 KK. Baada tu ya hapo, kuanzia 2450 KK hivi, wakaja wageni kutoka bara wenye vyungu vya umbo la kengele na asili ya nyikani. Ndani ya karne chache karibu 90% ya asili ya watu wa kisiwa ilikuwa imebadilika. Mwingereza anayejivunia Stonehenge kama kazi ya babu zake anajivunia kazi ya watu waliomwachia damu kidogo sana.

Dhana: Asilimia 90 kubadilika maana yake asilimia 90 walichinjwa

Hapa ndipo vichwa vya habari vinapofanya madhara. Ile 90% ni sehemu ya asili katika miili ya watu waliokufa karne kadhaa baadaye. Si idadi ya maiti. Kundi likizaa watoto wachache kidogo kuliko jirani yake kwa vizazi kumi na tano, sehemu yake itayeyuka bila mkuki kurushwa.

Kuna pia jambo la nani alizikwa vipi. Kwa karne kadhaa kabla ya wageni hao, watu wengi wa Uingereza walichoma maiti, wakiwemo wale ambao majivu yao yalizikwa Stonehenge. Mfupa uliochomwa kiasi hicho hautoi DNA. Kwa hiyo wenyeji walioendelea kuchoma maiti zao hawamo katika hesabu, na huenda walikuwepo kwa muda mrefu kuliko tunavyoona.

Magonjwa nayo yamo. Bakteria wa tauni wamepatikana katika mifupa ya miaka 5,000. Huko Skandinavia, utafiti wa 2024 uliochunguza wakulima 108 ulikuta 17% yao walikuwa na tauni walipokufa. Jamii iliyodhoofika haihitaji jeshi kuiondoa.

Sisemi kulikuwa na amani. Koszyce, kusini mwa Poland, kuna shimo moja lenye watu 15 waliouawa kwa kupigwa kichwani kama miaka 4,800 iliyopita. DNA ilionyesha walikuwa familia moja kubwa. Aliyewazika aliwafahamu: mama waliwekwa na watoto wao, ndugu wakalazwa pamoja. Wengi wa akina baba hawamo shimoni, na yamkini hawakuwepo siku ile. Nani aliwaua, mifupa haisemi. Na katika Hispania na Ureno, kufikia mwaka 2000 KK, kama 40% ya asili ilikuwa imebadilika, lakini kromosomu Y, inayorithiwa na mwana kutoka kwa baba, ilibadilika karibu yote. Kwa namna fulani wanaume wa zamani walinyimwa nafasi ya kuacha wana. Vita, utumwa, mali na cheo vyote vinaweza kuleta hilo.

Ile picha ya wapanda farasi wakifagia Ulaya, iache. Utafiti wa 2021 wa DNA ya farasi ulionyesha kwamba jamii ya farasi wa kufugwa tuliyo nayo leo ilianza kusambaa sana kama mwaka 2000 KK, karne nyingi baada ya damu ya Yamnaya kuingia.

Dhana: Chungu kipya, watu wapya

Mwanaakiolojia Mjerumani Gustaf Kossinna alifundisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mtindo mpya wa vyombo ni ishara ya watu wapya, na Wanazi wakaitumia kudai ardhi za wengine. Vile vyungu vya kengele vinamkanusha vizuri. Waliozikwa navyo Hispania na waliozikwa navyo Ulaya ya kati walikuwa watu wa asili tofauti: mtindo ulisafiri bila wenyewe. Kwenda Uingereza, mtindo ule ule ulisafiri na watu wake. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo kabla hujapima.

Dhana: Wazungu walianza kunywa maziwa kwa sababu miili yao iliyaweza

Ni kinyume. Mabaki ya mafuta ya maziwa yamo ndani ya vyungu vya miaka 9,000 hivi, ilhali jeni ya kumeng'enya maziwa ukubwani ilienea Ulaya maelfu ya miaka baadaye. Ötzi hakuwa nayo. Katika mabaki ya waliouawa vitani Tollense, Ujerumani, kama mwaka 1200 KK, aliyekuwa nayo alikuwa mmoja kati ya 8. Wafugaji wa Kenya na Tanzania wana uwezo huo pia, lakini kwa badiliko tofauti la jeni, lililozuka huku huku bila kuazimwa Ulaya. Utafiti wa 2007 ndio ulioliweka wazi.

Dhana: Mwafrika hana hata chembe ya Neandathali

Anayo, kidogo. Wasio Waafrika wana kama 1 hadi 2%. Uchambuzi wa 2020 ulikuta Waafrika nao wana sehemu ndogo, iliyorudi na watu waliohamia Afrika kutoka nje.

Dhana: DNA ya kale ni habari ya Ulaya tu

Mwaka 2023 *Nature* ilichapisha DNA ya watu 80 wa pwani yetu na bara yake, kutoka Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, Lindi na Makwasinyi, wengi wao wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wa pwani, zaidi ya nusu ya asili ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Uajemi kwa upande wa akina baba, kuanzia mwaka 1000 hivi. Siku ile ile wapo waliosoma asilimia hizo wakahitimisha kwamba Waswahili ni wageni. Wamerudia kosa la Stonehenge: kuigeuza asilimia ya asili kuwa historia ya watu wote. Makaburi mengi yaliyopimwa yalikuwa ya watu wa hadhi, na makazi ya pwani, pamoja na vyungu vyake vya Kiafrika, yalikuwepo karne kadhaa kabla ya ndoa zile.