Asili ya nyaraka: kwa nini makavazi ya chuo hayapangi karatasi kwa mada

Mwanafunzi akiingia maktaba ya chuo kutafuta kitabu anaandika mada kwenye kompyuta, anapata namba, anaenda kwenye rafu anakuta vitabu vya mada ile vimekaa pamoja, basi kazi imekwisha. Akipanda upande wa makavazi, kule kunakowekwa barua, mafaili, picha na madaftari ya zamani, anaomba vilevile, "nataka kila kitu kuhusu biashara ya Mombasa", na mhifadhi badala ya kumletea kitu anamuuliza: biashara ya nani, na wakati huo ofisi gani ndo ilikuwa ikiandika? Wengi hukereka hapo wakidhani wanazungushwa. Hawazungushwi. Makavazi yanakwenda kwa dhana moja inaitwa asili ya nyaraka, na nataka niieleze vizuri manake sisi watu wa Mombasa inatugusa mpaka ndani ya nyumba zetu.

Asili ya nyaraka ni hivi: karatasi zinawekwa kwa kufuata nani alizitengeneza au kuzikusanya katika shughuli zake, si kwa kufuata zinazungumzia nini. Zilizotoka kwa mtu mmoja au ofisi moja zinakaa pamoja kama fungu moja, wala hazichanganywi na za mwengine hata kama habari ni ileile. Wafaransa ndo walioiweka hii kuwa kanuni rasmi ya serikali, mwaka 1841, kwa waraka ulioandikwa na Natalis de Wailly, mtu wa makavazi yao. Kanuni hiyo ina pacha wake, mpangilio wa mwanzo, yaani kama mwenyewe alizipanga kwa utaratibu fulani basi usizipangue ukazipanga upya kwa vile unavyoona wewe ni nadhifu.

Sasa kwa nini ushike sana hivyo? Tuseme kuna mzee alikuwa karani bandarini Kilindini, amefariki, kaacha sanduku nyumbani Kibokoni. Ndani ya sanduku kuna bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kuna risiti mbili za mizigo, barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na picha ya jahazi ambayo nyuma haina hata herufi moja, vyote vimefungwa kwa uzi. Ile picha peke yake ni jahazi tu, na majahazi yaliyotia nanga bandari ya kale hayana idadi. Lakini iko kwenye uzi mmoja na barua inayomtaja nahodha kwa jina na risiti zenye tarehe, kwa hivyo mtafiti ana pa kuanzia kujua jahazi la nani, lilibeba nini, mwaka gani, na kwa nini karani aliona aziweke pamoja. Ule uzi wenyewe ni habari. Haya, watoto wakigawana mali picha inaingia kwenye albamu ya dada mkubwa, risiti zinatupwa sababu ni "makaratasi", barua inawekwa juu ya kabati kwa heshima manake ina hati za Kiarabu na hakuna aliyejaribu kuisoma, wanadhani ni dua. Hakuna aliyefanya ubaya hapo, lakini vitu vitatu vilivyokuwa vikishuhudiana sasa kila kimoja kimekuwa bubu, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuvirudisha.

Kwa ofisi na serikali ni mambo yaleyale ila kwa ukubwa, na historia ya mji wetu ndo inafanya asili ya nyaraka iwe ya lazima. Mombasa ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, mwaka 1888 ikaja kampuni ya Waingereza, IBEA, mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua usimamizi wenyewe, 1920 Kenya ikatangazwa koloni na ukanda wa pwani ukabaki kwa jina ni himaya, yaani ardhi ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, mpaka uhuru 1963. Kila mwenye mamlaka alikuwa na makarani wake na mafaili yake, na alipoondoka karatasi zilimfuata yeye. Ndo maana mtu anayetafiti Mombasa anajikuta anatafuta Zanzibar, Nairobi kwenye Makavazi ya Taifa, na London pia ambako karatasi za William Mackinnon, mwenyekiti wa ile kampuni, ziko chuo cha SOAS, na barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya ziko Kew, kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza. Ukiuliza tu "mambo ya Mombasa yako wapi" utazunguka mwaka mzima, ukiuliza nani alitawala mwaka ule utajua pa kuanzia.

Hata chuo chenyewe kina asili yake. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor, watu wanasema TUM, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, 1972 kikawa Poly, yaani Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 ndo kikawa chuo kikuu kamili. Mtu anayemtafuta babu yake aliyesoma hapo miaka ya 1950 akitumia jina la TUM hatopata kitu, lazima ajue siku hizo barua zilikuwa zikitoka kwa jina gani.

Mfano ninaoupenda kushinda yote ni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa. Alifariki karibu na 1840, na mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya akayaandika, na W. E. Taylor, mmishonari aliyekaa hapa Mombasa, alifanya naye kazi hiyo akaongeza maelezo yake, alafu karatasi zikaishia SOAS. Kujua mlolongo huo wa mikono si pambo. Msomaji anayejua kwamba shairi lilipita kinywani mwa watu kabla ya kuandikwa, na kwamba maelezo ya pembeni ni ya Taylor si ya Muyaka, atalisoma kwa uangalifu mwengine kabisa.

Na fungu lisipopanguliwa linaonyesha hata kilichotolewa. Uhuru ulipokaribia kuna mafaili ya Kenya yaliondolewa kimyakimya yakapelekwa Uingereza, na ni mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ndipo mwaka 2011 serikali ya kule ikakubali kwamba yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, kituo chake huko Uingereza. Mafaili yaliyobaki yana namba na yanatajana, ukisoma moja linakuambia tazama lile, ukienda kulitazama hulioni, unajua pana pengo.

Kwa hivyo kama una sanduku la mzee nyumbani na unafikiria kulipeleka kwenye maktaba ya chuo, usilipange kwanza. Usitoe picha kwenye bahasha, usigundishe selotepu palipochanika, usitie laminesheni. Joto na unyevu wa pwani unatosha kuleta ukungu na mchwa, kwa hivyo lipandishe juu kutoka sakafuni mbali na ukuta unaovuja, halafu mwite mhifadhi aje alione lilivyo. Akikuuliza lilikaa wapi, nani alilifungua mara ya mwisho, kuna kilichotolewa au la, mjibu yote hata unayoona ni madogo, manake anayaandika na yatakaa na hilo fungu siku zote.

Na ukienda kusoma na simu yako, piga picha lebo ya boksi kwanza, kisha jalada la faili, kisha karatasi moja moja kwa mfuatano ulozikuta nao, pamoja na upande wa nyuma.