Plagi baridi haipunguzi makali ya cheche
Wapo madereva wa Subaru zenye tabo (kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini) mjini Kampala wanaoamini kwamba plagi iitwayo ya moto hutoa cheche kali zaidi, na hiyo ndiyo wanayoiulizia kwa wauza spea wa soko la Kisekka. Sivyo. Jina hilo halihusu cheche hata kidogo, bali kasi ambayo ncha ya plagi huhamishia joto kwenye silinda hedi. Tabo inaposhindilia hewa kupita kipimo cha kiwandani, ncha iliyopashwa mno huweza kuwasha petroli kabla ya wakati hadi pistoni ikatoboka, hasara ambayo kwa kweli inaniuma kila niionapo. Anza na plagi iliyo baridi zaidi kwa daraja moja, yaani inayoondoa joto upesi zaidi; kwa plagi za kampuni ya NGK namba kubwa ndiyo baridi, ilhali kwa Bosch ni kinyume. Punguza pia mwanya ulio kwenye ncha ya plagi, ambao cheche huuruka, kwani hewa iliyobanwa huidai cheche volti nyingi zaidi ili iruke.