pH 8.19 ya skeli gani?

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea faili mbili za vipimo vya maji, za eneo lilelile la matumbawe. Kila moja ina safu iliyoandikwa "pH" (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umepanda), basi. Ya zamani inasoma 8.19, mpya 8.06. Alikuwa ameshaziunganisha na kuchora grafu, mstari unaporomoka, na ameanza kuandika kwamba bahari yetu inachacha.

Nikamuuliza: mlisawazisha kipimo kwa bafa gani? (Bafa ni kimiminika chenye pH inayojulikana.)

"Faili ya kwanza za dukani, mwalimu. 4, 7 na 10. Hii mpya ni trisi ya maji ya chumvi."

Grafu ikafia hapohapo.

Bafa za dukani zina chumvi kidogo mno kulinganisha na bahari, na hukupa skeli ya NBS, iliyopewa jina la ofisi ya viwango ya Marekani. Bafa ya trisi iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi kama ya bahari hukupa skeli ya jumla. Baharini kuna salfeti, nayo hushika sehemu ya ioni za haidrojeni. Skeli ya jumla huhesabu ioni zilizo huru pamoja na hizo zilizoshikwa. Skeli huru huziacha. Kwa hiyo maji yaleyale, chupa ileile, NBS na skeli ya jumla hupishana kwa 0.1 hivi, pengine zaidi kidogo. Na 0.1 ndiyo kiasi ambacho pH ya maji ya juu ya bahari duniani imeshuka tangu enzi ya viwanda ianze!

Ndiyo maana kanuni za CF (za kutaja na kueleza data za hali ya hewa na bahari), tunazozifuata kwenye faili za NetCDF, muundo wa faili za data za kisayansi, zina jina sanifu refu hivi: sea_water_ph_reported_on_total_scale. Mkemia akiona hiyo ph ya herufi ndogo hukunja uso, nami nilikunja. Kipande ninachokipenda ni reported_on. Hakidai kwamba ulipima kwa skeli hiyo. Kinasema namba unayotoa iko kwenye skeli hiyo, uwe umeipima au umeikokotoa. Kizio ni 1, maana pH haina kizio.

Ila jina halibebi halijoto. Chota maji ya nyuzi 28, yapime maabara kwenye 25, pH itapanda kwa karibu 0.05. Halijoto ya kupimia iwe na safu yake.

Faili ya zamani haikuwa nayo. Tumeinyima jina sanifu; kwenye long_name, sehemu ya maelezo ya kawaida ya safu, tumeandika: "pH, skeli ya NBS, bafa za dukani, halijoto ya kupimia haikuandikwa."