Presha ya jicho baada ya kupandikizwa konea: maswali na majibu

Matone ya stiroidi ndiyo yanayolinda konea yangu mpya. Mbona daktari anasema yamepandisha presha?

Yanafanya yote mawili. Konea (kioo cha mbele cha jicho) uliyowekewa ni ya mtu mwingine, na stiroidi kama prednisoloni au deksamethasoni huzuia kinga ya mwili wako isiishambulie. Ila kwa baadhi ya watu dawa hiyohiyo huziba polepole njia inayotoa maji ya ndani ya jicho (si machozi, hayo ni mengine). Maji yanazidi kutengenezwa, pa kutokea pamebana.

Nitajuaje kama imepanda?

Mara nyingi hutajua. Jicho haliumi, unasoma kama kawaida, kumbe neva ya jicho inaharibika, na ikishaharibika hairudi. Kipimo tu ndicho kinachosema. Kawaida ni kati ya 10 na 21 (mmHg, yaani milimita za zebaki). Hupanda zaidi baada ya wiki kadhaa za matone, kwa hiyo usiruke kliniki kwa kuwa unaona vizuri. Na presha ya mkononi ni habari nyingine kabisa.

Basi niache matone?

Usithubutu. Ukiyakatisha ghafla, mwili unaweza kuikataa konea. Daktari ndiye atakayeyapunguza taratibu, au akubadilishie stiroidi nyepesi kama fluorometholoni, au akuongezee dawa ya kushusha presha. Ikishindikana, kuna upasuaji.

Nimwambie nini kabla hajaniandikia?

Kama una pumu, lianze hilo: timololi, tone linalotumika sana kushusha presha, linaweza kukubana kifua. Taja pia glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho unaoharibu neva) kwenye ukoo, na matone ya kuwashwa macho uliyokuwa ukijinunulia duka la dawa tangu utotoni. Baadhi huwa na stiroidi, na waliopandikizwa kwa sababu ya keratokonasi (konea kuwa nyembamba na kuchongoka) wengi wana historia hiyo.

Nina chupa mbili. Nianze na ipi?

Yoyote, mradi upishe dakika tano, la sivyo tone la pili linaosha la kwanza. Prednisoloni nyeupe kama maziwa itikise vizuri, maana dawa hutuama chini. Ukishadondosha, fumba jicho na ubonyeze kidogo kona ya karibu na pua, dawa isishukie kooni. Jicho lenyewe usilibonyeze.

Nikimbilie hospitali lini?

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likikataa mwanga au likiona ukungu: siku hiyohiyo, hata kama kliniki yako ni wiki ijayo.